Shule za kaunti ya Montgomery, Maryland: bosi ni nani, na mzazi apeleke neno lake wapi?

BabaNeema (Germantown)

Hamjambo wanajukwaa. Tumehamia Germantown kutoka Nakuru, na huu ndio mwaka wetu wa kwanza na shule za huku. Neema yuko darasa la tatu, mdogo wake ana miaka minne. Juzi Neema ameleta karatasi kwenye begi, imetoka kwa PTA, chama cha wazazi na walimu. Inasema bajeti ya mwaka ujao imeshatolewa, wazazi tujiandikishe kutoa maoni mbele ya Bodi ya Elimu mwezi huu wa Januari, kisha Aprili tukaongee tena mbele ya Baraza la Kaunti. Bajeti moja, vikao viwili, wakubwa mbalimbali. Nikamuuliza jirani, Mmarekani wa hapa hapa, ni yupi kati yao anayeamua. Akacheka, akasema wote wanaamua na hakuna anayeamua.

Kule nyumbani njia naijua. Mwalimu ni wa TSC, tume ya kuajiri walimu, shule ya msingi ni ya wizara, gavana amepewa chekechea na vyuo vya ufundi, shule ina BOM yake, yaani bodi ya usimamizi. Ukiwa na neno unaanza kwa mwalimu mkuu, akikuzungusha unapanda kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Hapa kila karatasi inataja kaunti: basi la kaunti, chakula cha kaunti, kalenda ya kaunti. Kwa hiyo mwenye shule ni gavana wa kaunti? Na huyu msimamizi mkuu wa shule ambaye theluji ikianguka ndiye anayetutumia ujumbe saa kumi na moja alfajiri kwamba leo hakuna shule, amechaguliwa au ameteuliwa? Halafu mdogo wake Neema anaingia lini? Naomba mliokaa hapa muda mnifungue macho.

BintiNgamiani (Silver Spring)

Karibu kaka, na pole na baridi. Mimi ni mfanyakazi wao. Nakaa ndani ya basi la njano na watoto wenye mahitaji maalumu, nafunga mikanda, nafuta pua, naimba. Nitakueleza kama tunavyouona mfumo sisi wa viti vya nyuma.

Gavana mtoe kichwani kabisa. Gavana huku ni wa jimbo zima, yuko Annapolis, makao makuu ya jimbo. Kaunti ina mtendaji mkuu, Marc Elrich, aliyechaguliwa 2018 akarudishwa 2022, na ina Baraza la watu 11. Hao wote hawana mwalimu hata mmoja. Elrich hawezi kumhamisha mwalimu mkuu wa Neema, wala Baraza haliwezi kupanga watoto wasome kitabu gani. Polisi ni wao, maktaba ni zao, mabasi ya Ride On ni yao. Basi la njano ni la shule, na shule ni kama serikali nyingine inayoitwa MCPS (Montgomery County Public Schools), yenye bodi yake, kanuni zake, gereji zake na wafanyakazi wake zaidi ya 20,000.

Maryland wana utaratibu ambao majimbo mengi hawana. Jimbo zima lina mamlaka za shule 24 tu: kaunti 23 na jiji la Baltimore. Kila kaunti mamlaka moja, basi. Rockville ina meya, Gaithersburg ina meya, Takoma Park ina meya, na hakuna meya mwenye shule. Silver Spring ninakokaa mimi hata meya hatuna, maana kisheria si mji, ni jina la mahali. Germantown yenu vilevile. Ndiyo maana watoto karibu 160,000 katika shule zaidi ya 200, kuanzia mpakani na Washington DC mpaka kwenye mashamba ya Poolesville na Damascus, wanafuata kalenda moja, na theluji ikianguka wote wanarudi kulala kwa ujumbe mmoja.

Sasa Bodi. Ina wajumbe wanane. Saba wanachaguliwa na wapiga kura wa kaunti kwa kipindi cha miaka minne, lakini hawachaguliwi wote kwa pamoja. Kila baada ya miaka miwili baadhi ya viti vinagombewa. Watano kila mmoja anatoka wilaya yake, wawili ni wa kaunti nzima, ila kura ya kila kiti tunapiga sote. Mjumbe wa upande wenu huko Germantown, sisi wa Silver Spring tunamchagua pia. Kwenye karatasi ya kura hawaandikiwi chama. Wa nane ni mwanafunzi, huyo nawaachia vijana waje wamwelezee wenyewe.

Kazi kubwa kuliko zote ya Bodi ni kumweka msimamizi mkuu. Yule hachaguliwi na wananchi. Sheria ya jimbo inampa miaka minne kuanzia Julai mosi. Wa sasa, Thomas Taylor, ameanza Julai 2024. Yeye na watu wake ndio wanaoamua theluji, ndio wanaopendekeza wakuu wa shule na Bodi ikawapitisha, ndio wanaoandika rasimu ya bajeti. Mwalimu mkuu wa Neema anaripoti kwa maofisa wa msimamizi mkuu, haripoti kwa mjumbe wa Bodi. Wageni wengi hawalijui hilo. Wanamtafuta mjumbe waliyemwona kwenye bango la uchaguzi, wanamweleza habari ya kituo cha basi, mjumbe anawasikiliza kwa adabu, kisha barua pepe yao inashuka ngazi moja moja mpaka kwenye depo yetu, ambako wangeanza kwa simu moja tu.

Twende kwenye hela, maana karatasi yako ni ya hela. Bodi ndiyo mpishi, jiko lake na sufuria zake, lakini pesa ya sokoni anatoa mwingine. Bodi hairuhusiwi kutoza kodi hata senti. Bajeti ya shule ni zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka, na sehemu kubwa kuliko zote inatoka kwenye mfuko wa kaunti, yaani kodi ya nyumba na kodi ya mapato ya wakazi. Jimbo linafuatia. Serikali ya Washington inatoa kipande kidogo, kingi chake kimefungwa kwa mambo maalumu kama chakula na elimu ya watoto wenye ulemavu. Na usiseme wewe ni mpangaji hulipi. Mwenye nyumba kodi hiyo haitoi mfukoni mwake.

Mwaka wa hela unaanza Julai mosi, kwa hiyo mbio zinaanza majira ya baridi. Msimamizi mkuu anatoa mapendekezo yake. Januari Bodi inasikiliza watu, Februari inapitisha ombi lake, na kufikia Machi mosi ombi liwe limefika kaunti. Katikati ya Machi mtendaji mkuu anatoa bajeti ya kaunti nzima, humo ndani anasema yeye angewapa shule kiasi gani. Aprili Baraza linasikiliza watu, Mei linakatakata, na kabla ya Juni mosi liwe limepitisha. Juni Bodi inarudi mezani na kile ilichopewa, inapanga upya. Karatasi ya PTA iko sawa kabisa: ukienda Januari unaongea na anayeomba, ukienda Aprili unaongea na anayetoa.

Utamu uko hapa. Baraza likipunguza, haliwezi kusema "ondoeni wasaidizi wa mabasi." Linapitisha hela kwa mafungu makubwa yaliyotajwa na sheria ya jimbo: utawala, mishahara ya kufundishia, elimu maalumu, usafiri wa wanafunzi, na mengineyo. Ndani ya fungu, Bodi ndiyo inayoamua nani abaki na nani aondoke. Matokeo yake Mei ikifika kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Baraza linasema tumewapa nyingi kuliko mwaka jana. Bodi inasema mmetupa pungufu ya tulichoomba. Wote wawili wanasema kweli, na sisi kwenye depo tunahesabu nani ameajiriwa mwisho.

Mfano mzuri ni 2023. Elrich alitaka kodi ya nyumba ipande senti 10 kwa kila dola 100 ya thamani ya nyumba, zote ziende shule. Kelele zilizopigwa mwaka ule, Mungu anajua. Baraza likapitisha chini ya nusu ya alichotaka, Bodi ikarudi kupunguza. Ila Baraza nalo limefungwa kamba: sheria ya jimbo inaikataza kaunti kutoa, kwa kila mwanafunzi, chini ya ilichotoa mwaka uliotangulia. Kwa hiyo kila nyongeza wanayoipitisha wanajua haitarudi nyuma. Ukielewa hapo ndipo unaelewa kwa nini mikono yao ni mizito.

Vyama vya wafanyakazi navyo vimo. Walimu wana MCEA, wakuu wa shule wana chama chao, sisi wa mabasi, jikoni, usafi na ofisini tuko SEIU Local 500. Tunajadiliana mshahara na Bodi, tunasaini na Bodi, halafu tunasubiri Baraza kama litatoa hela ya kile kilichosainiwa. Lisipotoa, tunarudi mezani.

Majengo ni kitabu kingine. Kujenga shule, kubadilisha paa, kuongeza madarasa kuna mpango wake wa miaka sita, na vikao vyake vinaanza mapema, Oktoba na Novemba. Mtu akisimama Januari kulalamikia paa, amekuja kwenye kikao kisicho chake.

Mdogo wake Neema: akiwa ametimiza miaka mitano ifikapo Septemba mosi, anaingia kindergarten, yaani mwaka wa kabla ya darasa la kwanza, bure, na ni lazima kwa sheria. Kama atakuwa bado na minne, kuna darasa la awali, lakini hilo halijatosha kwa wote. Wanaanza na familia zenye kipato cha chini, mtaombwa kuonyesha mapato. Sheria ya jimbo ya 2021 wanayoiita Blueprint inasukuma nafasi hizo ziongezeke. Peleka maombi mapema.

ZuhuraW (Wheaton, darasa la 11)

Shikamooni wakubwa. Mama yangu kanitumia hii, kasema niandike kuhusu mjumbe mwanafunzi kwa Kiswahili, eti nisisahau lugha 😅

Yule si pambo. Anachaguliwa kila mwaka na wanafunzi wote wa middle school (shule ya kati) na high school (sekondari), tunapiga kura shuleni masika. Kabla ya hapo wawakilishi wa kila shule wanakutana kuchuja wagombea mpaka wanabaki wawili. Anakaa mwaka mmoja, kuanzia Julai. Anapiga kura kwenye bajeti, mipaka ya shule, kufunga shule, hata mikataba ya walimu. Kitu ambacho hapigi ni mambo ya kumwadhibu au kumfukuza mfanyakazi.

Sasa angalieni hii. Mimi nimefika hapa darasa la sita, sina uraia, na mwaka ule ule nilipiga kura ya Bodi ya Elimu. Baba yangu ana ukaazi wa kudumu, analipa kodi, na hajawahi kumpigia kura mjumbe yeyote. Nyumbani nikimkumbusha ananiambia nikaoshe vyombo.

Kingine, baba Neema, msidhani kila mtu anapangiwa shule kwa anwani tu. Huku kwetu kuna kundi la sekondari tano, Blair, Einstein, Kennedy, Northwood na Wheaton. Ukiwa darasa la nane unazipanga kwa jinsi unavyozitaka, halafu wanachezesha bahati nasibu, ila ile ya mtaa wako ukiitaka hawakunyimi. Upande wa kaskazini mashariki kuna nyingine tatu, Blake, Paint Branch na Springbrook. Germantown hamumo kwenye hizo, kwenu ni anwani. Kwa hiyo mkitaka kuhama nyumba, kwanza ingizeni anwani mpya kwenye tovuti ya MCPS muone inaangukia shule gani. Mtaa mmoja unaweza kuwa na upande wa kushoto shule hii, wa kulia ile.

Halafu saa 75 za kujitolea! Hamna mtu aliyetuambia nyumbani. Bila hizo hupati cheti cha sekondari Maryland. Neema bado mdogo, lakini akiingia middle school aanze kukusanya.

Kasongo_HTX (Houston)

Jambo wandugu. Mie niko Texas, nasoma hapa nashangaa, maana kwetu ni kinyume chake karibu kila kitu. Binamu yangu alihama kutoka Silver Spring kuja Houston akaniuliza, "ofisi ya shule ya kaunti iko wapi?" Nikamwambia kaunti ipi? Harris County peke yake ina mamlaka za shule zaidi ya 20. Alief ina yake, Katy ina yake, Cypress-Fairbanks ina yake, na Houston ina yake ambayo hata haifuati mipaka ya jiji. Texas nzima ziko zaidi ya 1,000. Unaweza kuvuka barabara moja ukabadilisha kalenda, kodi na bosi.

Na bodi za kwetu zinatoza kodi zenyewe. Kwenye karatasi ya kodi ya nyumba, shule ina mstari wake, na mara nyingi ndio mstari mnene kuliko yote, maana Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Kwa hiyo hakuna mchezo wa Bodi kumsingizia Baraza. Ukikasirika unajua mlango. Jimbo ndilo linaloweka dari ya kodi hiyo, na kutoka kwa mamlaka tajiri linachukua sehemu kugawia wengine.

Lakini msinionee wivu. Juni 2023 jimbo liliichukua mamlaka ya Houston, moja ya kubwa kabisa nchini. Sekondari moja, Wheatley, ilikuwa imepata alama za kufeli mfululizo, na sheria ya Texas inasema shule moja tu ikifeli hivyo inatosha. Wajumbe tuliowachagua wakawekwa pembeni, wakaja mameneja walioteuliwa na kamishna wa elimu, wakamleta Mike Miles kuwa msimamizi mkuu. Wazazi walienda kwenye mikutano, wakaongea mpaka sauti zikakauka, mbele ya watu ambao hawakuwachagua na hawawezi kuwatoa. Nyinyi huko angalau Novemba mnaweza kumwondoa mtu.

MzeeLikoni (Gaithersburg)

Bwana Baba Neema, watoto wangu wote wamepita humo na wamemaliza, kwa hivyo mimi nasema bila kumwogopa mtu.

Binti wa Ngamiani amekuchorea vyema, ila amekuacha kwenye baraza ya nje, hajakuingiza ndani. Usidhani wale watu hukaa pale mbele na kalamu mkononi wakingoja wewe useme ndipo waandike. Siku ya kutoa maoni una dakika chache, mwenye zamu ya 40 anaongea na watu wenye njaa. Baraza lina kamati ya elimu na utamaduni, wajumbe watatu, na kabla Baraza zima halijakaa, kamati imeshapitia kila fungu na wataalamu wa Baraza wameshaandika maoni yao, tena yanawekwa mtandaoni kila mtu asome. Mimi hiyo ndiyo niliyokuwa naisoma. Ukijua kamati imependekeza nini, barua yako ya ukurasa mmoja kwa wale watatu ina uzito kuliko dakika zako mbele ya kumi na mmoja. Na kwa Bodi hali ni hiyo hiyo: ongea na mwalimu mkuu wako mwezi wa Oktoba, wakati yeye mwenyewe anaulizwa mahitaji yake, si Januari wakati kitabu kimeshachapwa.

Uende, lakini. Sikukatazi kwenda. Na ukiwa Rockville, kaliangalie jengo la Carver. Makao ya Bodi kwa miaka mingi yalikuwa pale, Hungerford Drive. Lile lilijengwa kuwa sekondari ya watoto weusi, likafunguliwa 1951, wakati kaunti hii hii iliyojaa mabango ya "wote mnakaribishwa" haikumruhusu mtoto mweusi kukaa darasa moja na mweupe. Ikaja hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1954, shule zikaanza kuchanganywa polepole, Carver ikafungwa ikiwa sekondari, na wakubwa wakahamia humo na mafaili yao. Watoto wangu walipita pale mara nyingi na hakuna mwalimu aliyewaambia. Niliwaambia mimi.

Na Bodi nayo ina wakubwa wake. Iko chini ya sheria ya jimbo, chini ya Bodi ya Elimu ya Jimbo, na chini ya mahakama. Mwaka 2022 waliingiza kwenye madarasa ya wadogo vitabu vya hadithi vyenye wahusika wa jinsia moja wanaopendana. Mwanzo wakaruhusu mzazi asiyetaka amtoe mtoto kwa kipindi kile, Machi 2023 wakaondoa ruhusa. Wazazi Waislamu, Wakatoliki na Waorthodoksi wakashtaki kwa pamoja. Kesi ikapanda hadi Washington, na tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu ikawapa wazazi ushindi, majaji sita kwa watatu, kwamba kesi ikiendelea lazima wajulishwe mapema na waruhusiwe kuwatoa watoto. Kesi inaitwa Mahmoud v. Taylor, huyo Taylor ni msimamizi mkuu wetu, ambaye wala hakuwepo mambo yalipoanza. Uwe upande wowote, mimi nataka uone tu kwamba kura ya Bodi si mwisho wa njia.

BintiNgamiani

Mzee Likoni shikamoo, umeniingiza ndani mwenyewe leo. Ya Oktoba nakubaliana nawe kabisa.

Niongeze moja ambalo Mzee amelipitia juu juu, maana litamfaa kaka kuliko yote: neno likiwa la mtoto wako mwenyewe, si la bajeti, njia ni nyingine na ina saa yake. Unaanza kwa mwalimu, kisha mwalimu mkuu, kisha ofisi ya msimamizi mkuu. Ofisi hiyo ikishakupa uamuzi kwa maandishi na hukuridhika, una siku 30 kukata rufaa kwa Bodi, kwa maandishi. Bodi ikikukatalia, siku 30 nyingine kwenda Bodi ya Jimbo. Siku zikipita, hata uwe na haki kama mlima, wanakufungia. Kwa hiyo kila kikao omba barua. Usikubali kuambiwa "tutaliangalia" koridoni ukaondoka unafurahi. Nimewaona wazazi wetu, watu wazima wenye heshima zao, wanaona aibu kudai karatasi kwa mwalimu mkuu aliyewachekea vizuri. Huku kudai karatasi si ukorofi.

BabaNeema

Nimesoma yote mara mbili, na mke wangu nimemsomea. Asanteni sana, Zuhura pia, na baba yako mwambie namwelewa.

Mawili yamebaki. Sisi si raia, je, nikisimama pale mbele hawataniuliza karatasi? Na mama Neema ndiye mwenye maneno, yeye ndiye anayekaa na PTA, lakini Kiingereza chake kikali anakipata akiwa amekasirika tu. Anaweza kuongea Kiswahili?

BintiNgamiani

Hakuna anayeuliza. Unajiandikisha kwa jina na unaeleza wewe ni mzazi, basi. Shuleni vilevile: tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1982, kesi ya Plyler, shule ya umma haiwezi kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya karatasi za uhamiaji. Wanachotaka ni umri wa mtoto, chanjo, na ushahidi kwamba mnakaa ndani ya kaunti. Mnaokaa kwa ndugu na hamna mkataba wa nyumba kwa jina lenu, kuna fomu ya kukaa nyumba ya pamoja, mwenyeji wenu anajaza, msiogope. Kupiga kura ya Bodi ndiko kunakotaka uraia. Takoma Park wanamruhusu asiye raia apige kura, na mtoto wa miaka 16 pia, lakini ni kura ya mji, na mji hauna shule, kwa hiyo hapo hujasogea.

Mama Neema aongee Kiswahili, kwa nini asiongee! Karatasi zao wanazitafsiri zaidi kwa Kihispania, Kifaransa, Kiamhari, Kichina na wenzao. Chetu hukikuti mara nyingi. Lakini mkalimani ni haki na ni bure, mradi aombwe mapema. Apige simu ofisi ya Bodi siku ile ile anayojiandikisha, aseme Kiswahili, na aseme wazi kwamba ni cha Kenya, wasije wakampa mtu wa lahaja ya mbali wakaanza kuelewana nusunusu. Kwenye mkutano wa mwalimu na mzazi afanye hivyo hivyo, na Neema asigeuzwe mkalimani wa habari zake mwenyewe. Mtoto anatafsiri anachopenda.

Nafasi za kuongea zinafunguliwa mtandaoni na zinajaa haraka. Akikosa, atume maoni kwa maandishi, nayo yanaingia kwenye kumbukumbu. Na achague jambo moja. Asiende na chakula, basi, hesabu na choo vyote kwa pamoja. Ataje darasa, ataje kazi anayotaka ibaki, aseme mtoto wake anapata nini kutoka kwa mtu yule. Mimi kama ni habari ya mabasi nitamwandikia maneno mwenyewe.